Kengele ya Bibi na Kitambaa Chekundu

Nyumbani, 6 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa wote tunapumua. Baba amepata kazi nyingi za pikipiki, kwa hiyo gereji yake ya uani inanguruma kuanzia asubuhi, mpaka jogoo wa jirani amekata tamaa ya kuwika. Mama anashona sare za shule. Sebule imejaa vipande vya nguo, na ukikaa kwenye kochi unainuka na pini. Bibi yuko chumba cha nyuma, kitandani, tangu alipoanguka. Nyonga bado haijakubali. Ulimi wake haujapungua ukali, ila sauti imepungua sana. Sasa hata akikugombeza unadhani anakupa siri.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipokelewi, na nikisema kweli, nilifurahi kuona haipokelewi. Mimi kwenye simu nakuwa kama nimemeza pamba. Hata darasani mwalimu akinyoosha kidole kwangu najua jibu na bado nabaki kuangalia viatu. Kwenye karatasi sina aibu. Utaniona mpaka utachoka.

Jambo lenyewe ni hili. Bibi akihitaji kitu anagonga sufuria kwa kijiko, na injini zikiwaka hakuna anayemsikia. Juzi nilimkuta anatokwa machozi. Aligonga mpaka kijiko kikapinda, na nilipofika kiu ilikuwa imeshageuka hasira. Nimeamua kumtengenezea kengele. Si kununua. Kutengeneza, kwa kuyeyusha chuma hapa hapa uani, nyuma ya tangi la maji.

Fizikia tunafundishwa kwa lugha ile nyingine, kwa hiyo kuyeyuka nakujua kwa michoro na kwa namba, lakini chombo cha kuyeyushia sijui hata kinaitwaje na watu wanaokishika. Wewe kila siku unasubu vyuma, unayeyusha na kumimina. Niambie. Mimi nimepata ndoo ya rangi ya chuma, nitaipaka simenti ndani iwe tanuri, na baba ana feni ya gari bovu ya kupulizia mkaa.

Baba alisema nisikusumbue, una shughuli zako. Alisema hivyo huku anakaza bolti ambayo ilikuwa imekazika tayari.

Wako,
Kimya (kama ulivyoniita mwenyewe nikiwa mdogo, likanata)


Karakana, 30 Januari

Kimya wangu,

Marahaba, na uwe na mikono mizima ya kuniandikia tena. Mimi mzima. Hapa tunasubu mifuniko ya mitaro, mizito kama dhambi, na nguo zangu zote zina matundu ya cheche, nikianika kamba nzima unaona mtaa wa pili.

Kwanza simenti, itoe kichwani. Simenti inaficha maji ndani yake, na maji yakikutwa na moto wa namna hiyo hayaagi, yanapasua. Tafuta udongo wa mfinyanzi, changanya na mchanga na vumbi la mbao, paka unene wa kiganja, acha ukauke kivulini mpaka usahau. Kisha washa vimoto vidogo vidogo kama unamzoesha mtoto uji. Bomba la upepo liingie chini, ubavuni, lielekee pembeni kidogo ili moto uzunguke.

Chombo ni chungu, basi, hata kikiwa cha chuma. Umbo unalomiminia ni kalibu. Kwa kalibu chukua mchanga laini wenye udongo kidogo, ulowe kidogo tu: ukiufumbata unashikana, ukiuvunja unakatika kama biskuti. Ukichuruza maji, usithubutu.

Vaa viatu vya kufunika, suruali nzito, miwani, na glavu za baba yako za kuchomelea. Na kabla ya kumimina kuna sheria moja, ya kwanza niliyofundishwa na ya mwisho nitakayoiacha: unasema kwa sauti, Moto. Kila aliye karibu asikie na asogee. Usipoisema, usimimine.

Sasa swali langu. Umeandika "tangu alipoanguka" kama vile najua. Mama yangu alianguka lini?

Shangazi yako


Nyumbani, 27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, amemaliza sare za shule moja na kuanza za nyingine. Bibi anakusalimu na anauliza utakuja lini, maana ana maneno yako amekuwekea. Nilimuuliza ni maneno gani, akasema yana mwenyewe.

Swali lako nilimpelekea baba. Alisema alikupigia simu siku ileile, akiwa bado kwenye korido ya hospitali. Akaingia chini ya pikipiki na mazungumzo yakaishia hapo. Labda umesahau, ingawa sijui mtu anasahauje jambo kama hilo. Samahani, kwa mdomo nisingekuambia hivyo.

Sasa habari za moto. Barua yako ilifika simenti ikiwa imeshapakwa na imeshapasuka. Kipande kimoja kilipaa juu ya ukuta kikaenda kulala kwenye beseni la nguo za jirani. Mama alikwenda kuomba radhi kwa niaba ya sayansi. Nikaanza upya na udongo kama ulivyosema, na nakuambia bila kujigamba, nikijigamba kidogo tu, tanuri langu ni zuri. Moto unazunguka mle ndani kama unatafuta mlango. Pistoni mbili za pikipiki, za alumini, ziliyeyuka wakati mama hajamaliza kufunga zipu.

Kwa umbo la kengele nilichukua kikombe cha bati cha bibi, nikakikata mkono wa kushikia, nikakipaka nta ya mshumaa kuongeza unene, nikakizika kwenye mchanga kifudifudi, nikajaza na ndani. Kikombe kikatoka, nafasi yake ikabaki. Niliiangalia nafasi ile nikajiona mtu mzima.

Halafu ikaja sheria yako.

Shangazi, sikuweza. Gereji ilikuwa na wateja wanne kwenye benchi, vijana, wananitazama. Neno ni moja tu, Moto. Nililisema, lakini nililisema kama bibi. Baba alikuwa amekuja nyuma yangu kuchukua sepetu na hakusikia. Tuligongana viwiko. Alumini ilimwagika chini, ikatambaa, ikasimama karibu kabisa na kidole chake gumba, na baba alikuwa na ndala. Hakunifokea. Alikwenda kuvaa viatu akarudi, akasema, "Malizia, nipo."

Iliyobaki chunguni ilitosha. Kengele ikatoka, inang'aa, ina tundu dogo ubavuni. Nikampelekea bibi. Akaigonga. Ikasema kok. Kama mwiko kwenye ndoo. Bibi akasema, "Hii imerithi sauti yangu."

Nimekosea wapi?

Kimya


Karakana, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nimesimama, nilipofika kwenye ndala nikakaa.

Hujakosea kalibu. Umekosea madini. Alumini ni nyepesi na mvivu, ukiigonga inajibu mara moja inalala. Kengele inataka shaba. Shaba ya njano itakutosha: koki za zamani za mabomba, vitasa, bawaba. Mwambie muuza vyuma chakavu akuchagulie, na apitishe sumaku, kinachonasa si chako. Chungu cha chuma hakifai kwa shaba, kwa hiyo nimekutumia kwa basi chungu chetu cha kazi, kidogo, cheusi. Kishike kama yai. Ikianza kutoa moshi mweupe ujue ni tayari na imepita kidogo, simama upande upepo unakotoka, usiuvute. Tundu lilitokea kwa sababu nta ilikuwa nyembamba upande mmoja na alumini iliganda njiani. Ongeza nta.

Sasa sheria. Sikukuambia ile sheria kwa mapambo. Lakini sitakulazimisha koo ambalo halijafunguka. Hapa kwetu siku hizi tuna njia nyingine. Anayemimina anainua kitambaa chekundu juu ya kichwa, anangoja kila aliyepo ainue mkono kuonyesha ameona, ndipo anashika koleo. Fanya hivyo. Hata wale vijana wa benchi wainue mikono. Ukiwaona wamenyoosha kama darasa la kwanza, aibu itawahamia wao.

Na kengele ikitoka, usiipime kwa haraka. Ining'inize kwa uzi, igonge kwa kifundo cha kidole, halafu gusisha ukucha kwenye ukingo wake, taratibu. Inatakiwa ikutekenye ukucha, na iendelee kukutekenya mpaka uchoke kungoja. Ukitaka uhakika zaidi, uma uzi kwa meno. Kengele nzuri inaingia mpaka kwenye taya. Hapo hudanganyiki.

Mwambie mama yangu nampenda. Mpikie kitu laini.

Shangazi


Nyumbani, 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kengele ipo.

Nitaanza na hilo maana nimeshindwa kulizuia. Muuza vyuma chakavu tunamwita Sumaku, hatembei bila hiyo sumaku yake shingoni. Alinichagulia koki saba mbovu, akakataa kuniuzia ya nane, eti inamtazama vibaya. Mama alinipa kitambaa chekundu kutoka kwenye mabaki. Niliinua. Baba akazima injini, akainua mkono. Mama dirishani akainua mkono na mkasi. Vijana wa benchi wakainua, hata mmoja aliyekuja kuulizia bei tu. Nikawaona wote, mmoja mmoja, na sikuona haya hata chembe. Nikashika koleo. Shaba ilishuka kwenye kalibu kama asali yenye hasira, ikajaa mpaka juu, ikatulia.

Nilisugua siku kadhaa kwa msasa. Baba alitoboa tundu la juu na kufunga nati iwe ulimi wake. Nikapima kama ulivyosema, kwa ukucha, halafu kwa meno. Iliingia kwenye taya. Bibi akiipiga sasa, baba anaisikia akiwa chini ya pikipiki, na Sumaku anadai anaisikia dukani kwake, lakini huyo anapenda kuwemo.

Ni usiku wa kwanza baada ya hapo, nikiwa nimekaa na uzi wa kengele mdomoni kama mwendawazimu, ndipo nikawaza. Shangazi, mtu mwingine yeyote angeniambia nisikilize. Barua yako ina kucha, ina meno, ina taya. Haina sikio. Nikakumbuka na kitambaa. Kwenye karakana iliyojaa mafundi wenye makoo ya kupaza sauti, kitambaa kinainuliwa kwa ajili ya nani?

Nikamuuliza mama kuhusu ile simu ya hospitali. Alikuwa amesimama pale pale. Baba alikuambia mama yenu ameanguka, amevunjika nyonga, hawajui kama atatembea. Ukajibu, "Haya, vizuri sana, nimefurahi," ukakata. Baba hakukupigia tena. Tangu siku hiyo akitaka kukutaja anasema "yule wa mbali."

Nitauliza kwa maandishi jambo ambalo ana kwa ana ningemeza. Ni tangu lini husikii?

Ukikasirika, usikasirike muda mrefu.

Kimya


Karakana, 14 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimechelewa. Niliandika barua tatu nikaziwashia tanuri.

Sikukasirika. Ulivyouliza wewe hajawahi kuniuliza mtu. Wengine wananifokea, wakiona sigeuki wanasema nina maringo.

Sikio la kushoto lilianza kwa mlio kama wa mbu. Niliwinda mbu chumbani kwangu wiki nzima na kandambili mkononi. La kulia likafuata bila kuaga. Ni mashine ya kusagia kingo, miaka yote ile, na vizibo vya masikio nilikuwa navyo mfukoni. Wanaume hawakuvaa, na mimi sikutaka kuonekana laini. Kazi naifanya kama zamani, na usinionee huruma hapo, hakuna anayemwaga kalibu safi kama zangu. Nasoma midomo. Chuma nakijua kwa ukucha. Kilichonishinda ni simu. Simu haina midomo.

Nikajifunza kubahatisha. Nahisi mtetemo ukikatika, najua mtu amenyamaza, nasema haya, vizuri, nimefurahi. Mara nyingi inapita. Watu wengi wanapiga kusema mambo ambayo jibu hilo linatosha. Siku ile niliona jina la kaka yangu kwenye kioo, nikafurahi kweli, nikasema nimefurahi. Miezi mingi nimekaa nikijiuliza kwa nini hapigi tena. Mpaka barua yako.

Sikuja kwa sababu mama yangu ni mtu wa maneno. Mimi na yeye tulikuwa tunarushiana maneno kama mpira, majirani wanakuja kusikiliza. Nilitaka abaki akinijua hivyo.

Mwambie baba yako. Barua hii usimpe. Anasoma anaruka mistari, ataishia kwenye "nimefurahi" aitupe. Mwambie kwa mdomo. Najua ninachokuomba. Nami ningekuwa na njia nyingine nisingekuomba wewe.

Kama atasema nisije, niandikie hivyo hivyo, bila sukari.

Shangazi


Nyumbani, 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na keti kabla ya kuendelea.

Nilienda gereji siku hiyohiyo barua ilipofika, maana nilijijua: ningelala nalo ningeamka bubu. Baba alikuwa anajaribu injini kubwa, amevuta mafuta mpaka mwisho, moshi mtupu. Nilisema mara ya kwanza, akaonyesha sikio lake akatikisa kichwa. Nikasema mara ya pili. Vijana wa benchi wakaanza kutazamana, kupanga jina jipya la kunipa. Nikavuta pumzi kama navuta kabla ya koleo, nikapiga kelele kwa nguvu zote za tumbo langu:

"Baba, shangazi hasikii!"

Na baba alikuwa ndiyo kwanza amezima injini.

Mtaa mzima ulisikia. Sumaku alitoka dukani. Mmoja wa benchi akasema taratibu, "Tumekusikia, dada," na tangu hapo hakuna aliyenitania.

Baba aliuliza, "Hasikii nini?"

"Hasikii mtu yeyote. Masikio yamekufa kwa mashine. Hata ile simu, hakukusikia. Aliona jina lako tu akafurahi."

Alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena ilipokuwa imeshatakata. Akakaa juu ya tairi. Mwisho akasema, "Kumbe nilikuwa nanuna peke yangu. Hata hasira yangu hakuisikia." Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akainamisha uso, na vijana wa benchi wote wakaanza kusoma maandishi ya kwenye makopo ya oili.

Kengele ikalia ndani. Bibi alitaka kujua nani anapigiwa kelele. Tukaenda wote wawili. Baba ndiye aliyemwambia, amepiga magoti kitandani. Nilidhani bibi atalia. Akakuna kengele yake kwa ukucha, akasema kwa ile sauti yake ya siri:

"Mimi sauti imekwisha, yeye masikio yamekwisha. Tumelingana. Aje nimgombeze kwa midomo, ataisoma."

Halafu akaniomba kioo. Tangu siku hiyo anafanya mazoezi ya kutamka bila sauti, mdomo mpana, neno moja moja. Mengine ni matusi, nimeyatambua. Baba ameandika ujumbe kwenye simu kukutumia, anaufuta, anaandika. Amesema nikuambie tu chumba chako kimepakwa rangi. Hakikuwa kimepakwa. Alikwenda kununua rangi baada ya kusema.

Kwa hiyo njoo. Stendi ina makelele na watu wengi, na usihangaike kumuuliza mtu njia. Mimi nitakuwepo. Nitapanda juu ya ngazi za ofisi ya tiketi, pale ambapo kila mtu ananiona, nitainua kitambaa chekundu juu ya kichwa, na sitakishusha mpaka nione mkono wako.

Mwanao,
Kimya


Karakana, 19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, basi la mchana. Mwambie mama aanze na yale matusi, mengine yatafuata.

Inua juu sana. Mimi mfupi, na mbele yangu watasimama watu warefu.

Shangazi